Utando wa Seli si Ukuta: Sabuni, Chandarua na Maji ya Chumvi

Kosa moja la lugha limeendelea kupotosha ufundishaji wa biolojia, nalo ni kuuita utando wa seli "ukuta", au kuueleza kana kwamba ni mfuko mtupu wa kubebea vilivyomo ndani ya seli. Msimamo wa safu hii ni kwamba utando ni sehemu hai inayochagua kipi kiingie na kipi kitoke, inayopokea habari na inayotumia nguvu nyingi kila sekunde, na kwamba asiyeuelewa hivyo hawezi kueleza kwa nini kipande cha sabuni kinamharibu kirusi cha Marburg, kwa nini vyandarua vilivyowahi kuwaangusha mbu wa Muleba viliacha kuwaangusha, wala kwa nini sukari kidogo katika maji ya chumvi inamwokoa mtoto anayeharisha. Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, Tanzania, zimelazimika kuyakabili maswali ya namna hiyo kwa gharama ya maisha ya watu, na ndiyo sababu mjadala huu unasimama huko.

Utando wa seli ni tabaka lenye unene wa nanomita 7 au 8 hivi, na kwa kuwa nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita, zingehitajika tando zaidi ya 10,000 zilizolaliana ili kufikia unene wa karatasi ya daftari. Tabaka hilo limejengwa hasa na fosfolipidi, yaani molekuli za mafuta zenye kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia, ambazo zikiwa ndani ya maji hujipanga zenyewe katika safu mbili, vichwa vikielekea nje kwenye maji na mikia ikifichana katikati. Mwaka 1925 Waholanzi wawili, Evert Gorter na François Grendel, waliyapima mafuta ya seli nyekundu za damu wakakuta yanatosha kulifunika eneo la seli hizo mara mbili, na hapo ndipo wazo la safu mbili lilipozaliwa. Mwaka 1972 Wamarekani S. J. Singer na Garth Nicolson waliongeza jambo ambalo michoro mingi ya vitabuni bado inashindwa kulionyesha, nalo ni kwamba mafuta hayo ni majimaji, na protini zilizomo zinaelea na kuhama ndani yake kama magugumaji yanavyosukumwa huku na huko juu ya Ziwa Victoria. Ushahidi ulikwisha kupatikana miaka miwili kabla, wakati seli ya binadamu ilipounganishwa na seli ya panya maabarani na, baada ya dakika 40 hivi, protini za pande zote mbili zikawa zimechanganyika kabisa. Kitu kinachohama namna hiyo hakiwezi kuitwa ukuta.

Mafuta hayo ndiyo yanayoamua nani apite bila kubisha hodi. Oksijeni, kaboni dayoksaidi na vitu vinavyoyeyuka katika mafuta hupenya moja kwa moja, ilhali glukosi na ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme kama zile za sodiamu na potasiamu, hukwama mlangoni mpaka zipate protini ya kuzipitisha. Baadhi ya protini hizo ni milango tu inayofunguka na kujifunga, na nyingine ni pampu zinazotumia nguvu kusukuma kitu kutoka kwenye uchache kwenda kwenye wingi, kinyume cha mteremko wake wa asili. Pampu mashuhuri kuliko zote, iliyogunduliwa na Jens Skou wa Denmark mwaka 1957, hutoa ioni 3 za sodiamu nje na kuingiza ioni 2 za potasiamu katika kila mzunguko, na kwa sababu hiyo sodiamu daima hulundikana nje ya seli na potasiamu ndani. Tofauti hiyo ya sodiamu na potasiamu ikumbukwe, kwa sababu chandarua na maji ya chumvi vyote viwili vinaitegemea.

Ukuta wa seli upo, lakini ni kitu kingine. Mimea, kuvu na bakteria wengi wanao, tena wanao nje ya utando, ambapo binadamu na wanyama hawana kabisa. Njia rahisi ya kuuona ukweli huo ni kubandua ngozi nyembamba ya kitunguu chekundu, kuitandaza juu ya kioo cha hadubini na kuidondoshea tone la maji yenye chumvi nyingi, kwani katika dakika chache maji hutoka ndani ya seli kwa osmosisi, na ile rangi ya zambarau, iliyokuwa imejaa kila chumba hadi pembeni, hujikunja na kuwa donge katikati huku kuta zikibaki zimesimama mahali pake. Mpaka wa donge hilo ndio utando. Ukidondosha maji matupu, donge hutanuka na kukijaza chumba tena, jambo linaloonyesha kwamba utando ulikuwa hai muda wote na haukuchanika. Tofauti hii ina matokeo hospitalini pia, kwa kuwa penisilini huwaua bakteria kwa kuuharibu ujenzi wa ukuta wao na kumwacha mgonjwa salama kwa sababu seli zake hazina ukuta wa kuharibiwa, na kwa sababu hiyo hiyo haina lolote la kumfanya kirusi. Anayekunywa dawa ya aina hiyo kwa mafua amekosea shabaha tangu mwanzo.

Ganda la mafuta na kipande cha sabuni

Tarehe 21 Machi 2023 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa umeua watu katika Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba ulikuwa Marburg, na ilipofika tarehe 2 Juni mwaka huo, siku mlipuko ulipotangazwa kwisha, watu 9 walikuwa wamehesabiwa kuugua na 6 kati yao wamefariki. Mwanzoni mwa 2025 ugonjwa huo ulizuka tena mkoani, safari hiyo Biharamulo, na ukatangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025. Kila mara ujumbe wa kwanza kwa wananchi ulikuwa kunawa mikono kwa sabuni na maji tiririka, na kila mara wapo waliouona ujumbe huo kuwa mdogo mno mbele ya ugonjwa mkubwa kiasi hicho, hasa kwa kuwa haukuwa na chanjo wala tiba iliyoidhinishwa. Wasiwasi huo unaeleweka, lakini unatokana na kutojua kirusi hicho kimevaa nini.

Kirusi cha Marburg hakijitengenezei ganda lake la nje. Kinapokuwa kimezaliana ndani ya seli ya mgonjwa, hutoka kwa kuchomoza kwenye utando wa seli hiyo na kuondoka kimejifunika kipande chake, mafuta yale yale ya safu mbili, kikiwa kimechomeka humo protini yake inayotumika kama ufunguo. Kikifika kwenye seli nyingine humezwa ndani ya kijifuko, na humo ndani ufunguo wake hushika protini iitwayo NPC1, ambayo kazi yake ya kila siku ni kusafirisha kolesteroli, kisha ganda la kirusi na utando wa kijifuko huungana na kuwa kitu kimoja na vinasaba vya kirusi vikamwagika ndani ya seli. Maana yake ni kwamba bila ganda la mafuta hakuna muungano, na bila muungano hakuna maambukizi. Ganda hilo ndilo nguvu yake na ndilo udhaifu wake mkubwa.

Sabuni nayo imezaliwa na mafuta, yaliyochanganywa na kostiki soda, na molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia, umbo linalokaribiana na lile la fosfolipidi isipokuwa mkia wake ni mmoja. Mikia hiyo ikikutana na ganda la kirusi hujipenyeza katikati ya mafuta kama kabari, ganda likapoteza mshikamano wake na kuvunjikavunjika kuwa vidonge vidogo vya mafuta na sabuni ambavyo maji huviondoa. Kazi hiyo inahitaji muda na msuguano, na ndiyo sababu husisitizwa mikono isuguliwe kwa sekunde 20 hivi, kati ya vidole na chini ya kucha. Haihitaji sabuni iliyoandikwa kwamba ina dawa, kwa sababu anayevunja ganda ni sabuni yenyewe, na kipande cha sabuni ya mche kinachouzwa kwenye genge lolote la Kanyangereko, Bukoba, kinaitenda kazi hiyo sawasawa. Maji peke yake, hata yakiwa ya moto kiasi ambacho mkono unaweza kustahimili, hayawezi kuitenda.

Huulizwa pia, na ni swali zuri, kwamba kama sabuni inavunja mafuta ya utando, mbona haimmalizi mtu anayenawa mara kumi kwa siku. Jibu ni kwamba tabaka la juu la ngozi limejengwa na seli zilizokwisha kufa, zilizojaa protini ngumu iitwayo keratini na kushikizwa pamoja na mafuta, hivyo sabuni huishia kuikausha ngozi bila kuzifikia seli hai zilizo chini. Ikiingia jichoni, ambako seli hai ziko karibu, huwasha mara moja. Tahadhari nyingine ni ya muhimu zaidi, kwamba si kila kirusi kina ganda la mafuta. Kirusi cha polio na kile cha rota, kinachowaharisha watoto wadogo, havina, na kwa hivyo sabuni hufanya kazi ya kuving'oa tu kwenye ngozi na kuviachia maji tiririka yavichukue, huku vitakasa mikono vyenye alkoholi vikiwa dhaifu zaidi mbele yao. Kwa sababu hiyo, kwa familia ya kijijini, kibuyu chirizi chenye sabuni ni msaada mpana kuliko chupa ya kitakasa mikono, kwa kuwa kinamfaa mwenye hofu ya Marburg na pia mwenye mtoto anayeharisha.

Kuhusu kuharisha kwenyewe, wakazi wa mwambao na visiwa vya Muleba, ambako maji ya kunywa na maji machafu huishi jirani, wanahitaji kuelewa jambo moja ambalo karibu kila mzazi hulielewa kinyume. Sumu ya kipindupindu haitoboi utando wa utumbo. Inachofanya ni kuziamuru seli zifungue milango ya kloridi na kuiacha wazi, kloridi ikamwagika utumboni, sodiamu ikaifuata, na maji yakazifuata zote mbili hadi mgonjwa akakauka kwa saa chache. Hata hivyo katika utando huo huo kuna mlango mwingine ambao sumu hiyo haiugusi, nao huingiza glukosi na sodiamu kwa pamoja, kwa sharti kwamba hakuna inayoingia bila mwenzake. Mpango huo ulielezwa na Robert Crane mwaka 1960, na ndio msingi wote wa ORS, yaani maji ya chumvi na sukari anayonyweshwa anayeharisha: sukari imewekwa humo ili iivute sodiamu, na sodiamu iyavute maji, wala haikuwekwa kwa ajili ya kumpa mgonjwa nguvu au kumfurahisha mtoto. Katika mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2002, glukosi na sodiamu ziko kwa kiasi kinacholingana kabisa, milimoli 75 kwa kila lita.

Kutokana na hilo, mama anayeongeza sukari ili ORS iwe tamu zaidi, au anayempa mtoto soda badala yake, anaharibu hesabu, kwani sukari iliyozidi hubaki utumboni na kuyavuta maji kutoka mwilini, na mtoto huharisha zaidi. Anayeongeza maji ili pakiti moja ifike mbali anaikosesha sodiamu wingi wake. Na yule anayeacha kumpa kwa sababu "haijakata kuharisha" anailaumu dawa kwa kazi ambayo haikupewa, kwa kuwa ORS hurudisha maji wakati kuharisha kunaendelea, nayo sumu huisha kwa wakati wake.

Mlango uliobanwa wazi

Muleba ina nafasi ya pekee katika historia ya vita dhidi ya malaria Afrika Mashariki, na historia hiyo kwa sehemu kubwa ni habari ya mlango mmoja katika utando wa neva ya mbu. Dawa inayowekwa kwenye vyandarua vya kawaida ni ya jamii ya pairethroidi, yaani dawa za viwandani zilizobuniwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto. Kwa kuwa zinapenda mafuta, hupenya kupitia nta iliyo kwenye miguu ya mbu anapotua kwenye chandarua, hupita tando bila kuzuiwa, na kufika kwenye milango ya sodiamu ya neva. Katika hali ya kawaida mlango huo hufunguka kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde hivi, sodiamu ikaingia kwa kasi na kupeleka ujumbe mbele, kisha ukajifunga. Pairethroidi huuweka kabari ukabaki wazi, ujumbe ukajirudia bila kikomo, na mbu akatetemeka, akaanguka na kufa.

Mbu wa Muleba walifika mahali ambapo dawa hiyo haikuwaangusha, na watu wakasema, kama wasemavyo hadi leo, kwamba "mbu wamezoea dawa". Kauli hiyo inapotosha. Mbu hamudu kuizoea sumu kama mtu anavyozoea pilipili, na aliyeguswa na dawa akiwa dhaifu hufa tu. Kilichotokea ni kwamba wachache waliozaliwa na tofauti ndogo walibaki hai na kuzaa. Tofauti ya kwanza iko kwenye mlango wenyewe, ambapo herufi moja ya jeni imebadilika, na pamoja nayo kiungo kimoja kati ya viungo zaidi ya 2,000 vinavyoijenga protini hiyo, kabari ikakosa mahali pa kukaa. Tofauti ya pili ni wingi wa vimeng'enya vilivyoshikizwa kwenye tando za ndani ya seli, ambavyo huivunja dawa kabla haijafika kwenye neva.

Dhidi ya tofauti hiyo ya pili ndipo Muleba ilipotoa mchango wake kwa ulimwengu. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wa chuo kikuu cha tiba cha KCMC Moshi na wa London School of Hygiene & Tropical Medicine waliyagawa maeneo 48 ya wilaya hiyo, mengine yakapata vyandarua vya kawaida na mengine vyandarua vilivyoongezwa piperonili butoksaidi, kifupi chake PBO, kemikali inayovizuia vile vimeng'enya visiivunje dawa. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2018 yalionyesha kwamba baada ya miezi 9 watoto waliokutwa na malaria walikuwa asilimia 29 kwenye vyandarua vya PBO na asilimia 42 kwenye vyandarua vya kawaida, na baada ya miezi 21 walikuwa asilimia 45 kwa 62. Utafiti huo pia ulipima upuliziaji wa dawa ukoko ya aina nyingine, nao ukaonyesha manufaa. Kwa ushahidi huo, hata kabla haujachapishwa, Shirika la Afya Duniani lilianza kuvipendekeza vyandarua vya PBO mwaka 2017, na haifai kusahau kwamba pendekezo linalotumika leo katika nchi nyingi lilitokana na watoto na nyumba za Muleba. Hata hivyo asilimia 45 ni karibu nusu ya watoto, na hakuna mwenye haki ya kuridhika nayo.

Wapo wanaohoji iweje dawa inayoharibu neva za mbu isimdhuru mtoto anayelala chini yake. Binadamu naye ana milango ya sodiamu, ila milango yake hushikwa kwa shida zaidi na dawa hizo, joto la mwili wake huzipunguzia makali, na ini lake huzivunja haraka. Samaki hawana kinga hiyo, na pairethroidi ni sumu kali kwao hata kwa kiasi kidogo mno. Chandarua kinachogeuzwa kokoro la kuvulia dagaa kwenye mwambao wa Muleba huondoka na samaki wachanga kwa udogo wa matundu yake, na pia hupeleka ziwani sumu iliyobuniwa kuvunja neva. Ni kosa la kusikitisha mara mbili, kwa kuwa nyumba imepoteza kinga na ziwa limepoteza mbegu.

Tiba ya upotofu huu inaanzia darasani na haihitaji fedha nyingi. Vitabu vya Kiswahili viyatenganishe maneno matatu na kuyashikilia bila kuyumba, utando kwa mpaka hai wa seli, ukuta kwa kile kilicho nje yake kwa mimea na bakteria, na ganda kwa vazi la kirusi, na mwalimu asiruhusu moja litumike badala ya jingine hata mtihanini. Jaribio la kitunguu chekundu lifanywe na kila mwanafunzi kwa mkono wake, kwani hadubini moja, kisu, chumvi na kitunguu cha sokoni vinatosha darasa zima, iwe Bukoba mjini au shule ya kata iliyo kisiwani. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nao wapewe sababu pamoja na amri, kwa kuwa mama aliyeelezwa kwamba sukari na chumvi hupita mlango mmoja kwa pamoja hataongeza sukari, ilhali aliyeambiwa tu "usiongeze" ataongeza siku mtoto atakapokataa kunywa. Vivyo hivyo, anayeelewa kwamba dawa ya chandarua inapenda mafuta atakubali kukifua kwa sabuni laini na kukianika kivulini, akijua kwamba sabuni kali itaing'oa dawa na jua litaiharibu.

Jambo hili lina haraka yake kwa sababu vyandarua vya kizazi kipya vinahamishia vita kwenye utando mwingine kabisa. Klofenapiri, dawa inayochanganywa na pairethroidi katika vyandarua vilivyojaribiwa Misungwi, mkoani Mwanza, ng'ambo ya ziwa kutoka Kagera, haigusi mlango wa sodiamu hata kidogo. Huushambulia utando wa ndani wa mitokondria, vile viungo vidogo vinavyoizalishia seli nguvu, na kuuvujisha mpaka nguvu zikamwishia mbu. Huko Misungwi, baada ya miezi 24, watoto waliokutwa na malaria walikuwa takriban asilimia 26 kwa waliopewa vyandarua hivyo na asilimia 46 kwa waliopewa vya kawaida. Lakini mbu aliyeguswa na klofenapiri haanguki papo hapo, anaweza kuruka akaenda zake na kufa siku ya pili au ya tatu, na familia iliyozoea kuwaokota mbu sakafuni asubuhi itahitaji kuelezwa hivyo siku ile ile inapokabidhiwa chandarua, kabla haijakitoa kitandani ikidhani imepewa kitu kisicho na dawa.